Nyumba Zisizo na Moshi

Katika jiji la Dar es Salaam kuna neno moja ambalo makondakta wa daladala hulipigia kelele tangu alfajiri hadi usiku, nalo ni "Makumbusho". Kuna kituo cha mabasi cha Makumbusho, kuna kata ya Makumbusho katika Wilaya ya Kinondoni, na yako maduka na mabaa yaliyojipa jina hilo hilo. Lakini ukimwuliza abiria aliyebanwa mlangoni, makumbusho yenyewe ni yapi, aghalabu atakukodolea macho. Jina limekua hata likamficha mwenye jina. Mwenye jina yuko pale pale kando ya barabara iendayo Mwenge na Bagamoyo, kiasi cha kilomita kumi toka katikati ya jiji, nyuma ya ukuta na miti: Kijiji cha Makumbusho, uwanja wenye nyumba za jadi za makabila zaidi ya kumi, kati ya yale makabila yetu zaidi ya 120.

Sisi wa Kigamboni tuna udhuru zaidi ya wengine wa kutofika huko. Ni kupanda gari hadi kivukoni, kuisubiri pantoni, kuvuka maji, kisha kutafuta daladala nyingine upande wa pili. Kweli, tangu Aprili 2016 tuna daraja, lile la meta 680 linalotupeleka Kurasini bila kulowa, lakini mtu aliyezeeka na pantoni haachi pantoni kirahisi. Mimi mwenyewe niliishi miaka mingi nikiupita ukuta ule nikiwa ndani ya basi. Sababu iliyonipeleka ni maneno ya nyumbani, na maneno yenyewe ni haya.

Marehemu baba yangu alituachia nyumba upande wa Kibada. Si nyumba ya kujivunia mbele ya wageni. Ni ya miti na udongo, paa la makuti, vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani nyuma na baraza mbele. Kila mtu wa pwani anaijua nyumba ya namna hiyo hata akiwa amefumba macho. Tangu daraja lije, viwanja vya huku kwetu vimepanda bei, na wadogo zangu wakaona kwamba nyumba ile inakalia pesa. Tulikutana kikao cha familia. Nilipotetea isibomolewe, mdogo wangu wa mwisho, ambaye ana ulimi, akasema, "Kaka, kama unaipenda hivyo, si uipeleke makumbusho!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini neno lile lilinikaa. Jumamosi moja ya likizo ya shule nilimchukua mjukuu wangu wa darasa la nne, tukavuka maji kwenda kuona nyumba zilizopelekwa makumbusho zinaishije.

Jambo la kwanza linalokupokea pale ni ukimya. Kelele za barabara zinabaki nje, na majengo marefu ya vioo yanachungulia juu ya miti, lakini ndani ni vumbi lililofagiwa na nyumba zilizokaa mbalimbali, kila moja na kibao chake. Unatembea hatua chache tu na umetoka kwa Wazaramo hadi kwa Wanyakyusa, safari ambayo kwa basi ni siku nzima na zaidi.

Nyumba ya Wahaya ndiyo iliyomsimamisha mjukuu wangu. Ni msonge, nyasi zimeshuka toka kileleni hadi karibu na ardhi, hata huwezi kusema paa linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Aliizunguka akitafuta dirisha. Hakuna dirisha. Ndani ni giza lenye baridi, na macho yakishazoea unaanza kuona nguzo na viambaza vinavyogawa sehemu ya watu na sehemu ya mifugo. Mtoto akatazama, akanusa, kisha akaniuliza, "Babu, wenyewe wako wapi?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ni la kifundi kuliko linavyosikika. Nyumba ya nyasi hulindwa na moshi. Moto uliowashwa katikati ya msonge asubuhi na jioni haukuwa wa kupikia tu: moshi wake ulipanda ukapenya nyasi, ukazikausha, ukafukuza wadudu, ukazipaka masizi kama mtu apakavyo ubao lami. Ndiyo maana msonge haukuhitaji dirisha wala bomba, maana paa lenyewe lilikuwa linapumua. Mwenye nyumba akihama, moto ukazimika, nyasi zile zile zinaanza kuoza na mchwa wanapata salamu. Kwa hiyo nyumba isiyo na wenyewe inapungukiwa kitu zaidi ya watu. Inapungukiwa dawa yake. Makumbusho yoyote ya nyumba za namna hii, hapa au kwingine, yanapigana vita ambayo mwenye nyumba wa zamani hakuipigana, kwa sababu yeye alikuwa anashinda kwa kupika chakula chake tu.

Tembe ya Wagogo ina tabu ya aina yake. Burton na Speke walipopita Ugogo mwaka 1857 waliziona nyumba hizi, nao hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho kushangaa: nyumba ndefu na fupi kwa kimo, paa bapa, juu ya paa udongo mtupu, na zote zimepangwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Ni busara tupu kwa nchi ile. Dodoma hupata wastani wa mvua usiofika milimita 600 kwa mwaka, miti mirefu ni haba, upepo ni mkali, na mali ya mtu ni ng'ombe. Udongo juu ya paa huzuia jua la mchana na baridi ya usiku. Lakini ichukue tembe hiyo uiweke Dar es Salaam, ambako mvua hupita milimita 1,000, na masika yetu hayaombi ruhusa. Udongo wa paa unakunywa maji, unakuwa mzito, magogo yanalemewa. Nilisimama mlangoni mwa tembe ile nikifikiri juu ya mtu wa bara aliyehamia pwani akazeeka haraka kwa homa. Nyumba nazo zina nchi zao.

Kuhusu nyumba ya Wanyakyusa nitasema kidogo, lakini kidogo hicho kinanisumbua bado. Ni ya mianzi, nadhifu, na watu wa kule tangu zamani walisifiwa kwa unadhifu wa nyumba zao. Mtaalamu wa mila Monica Wilson aliishi miongoni mwao katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 akachapisha kitabu, Good Company, kilichoeleza jambo la ajabu: kwamba kijiji cha Wanyakyusa hakikuwa cha ukoo bali cha rika. Wavulana wakifika umri wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao wakajijengea vibanda vyao pamoja, na wakaendelea kuishi pamoja hadi wakaoa na kuzeeka. Sasa, nyumba moja ya mianzi iliyosimama peke yake kati ya Mmakonde na Mhehe inaweza kukueleza hayo? Haiwezi. Kilichokuwa cha ajabu hakikuwa nyumba, kilikuwa ni nani jirani ya nani, na ujirani haujengeki kwa mianzi. Silaumu. Nasema tu kwamba ukiiona nyumba ile bila kuambiwa habari hii, umeona ganda la yai.

Nirudi kwenye historia, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Makumbusho ya Taifa yenyewe ni ya zamani kuliko uhuru. Yaliasisiwa mwaka 1934, yakafunguliwa kwa watu mwaka 1940 yakiwa kumbukumbu ya mfalme wa Kiingereza, George wa Tano, na jengo jipya likaongezwa mwaka 1963. Mambo yaliyokuwemo yalikuwa ya kuwekwa kabatini: mafuvu, vyungu, mikuki, sarafu. Nyumba haiwekwi kabatini. Ndipo katika miaka ya 1966 na 1967 kikaanzishwa Kijiji cha Makumbusho, ili nchi changa ijitazame jinsi ilivyolala na kupika na kuhifadhi nafaka zake kabla ya mgeni kuja.

Sasa itazame miaka hiyo. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Septemba ya mwaka ule ule Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Ujamaa Vijijini. Yaani katika msimu ule ule ambao taifa lilikuwa linasimamisha msonge na tembe kando ya barabara ya Bagamoyo ili zisisahaulike, taifa lile lile lilikuwa linafikiri jinsi ya kuwatoa watu katika misonge na tembe zao. Operesheni Dodoma ilianza mapema miaka ya 1970, huko huko Ugogo kwenye tembe. Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba kuishi katika vijiji sasa si hiari, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kazi iwe imekwisha. Kufikia mwaka 1977 ilihesabiwa kwamba watu wapatao milioni 13 wanaishi katika vijiji vilivyoandikishwa. Si wote walihama, wengine vijiji viliwakuta walipo. Lakini wengi walihama, na mahali pengine nyumba zao za zamani ziliezuliwa au zikachomwa moto ili wasipate pa kurudia. Vijiji vipya vilipangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara. Tembe inayozunguka ua wa ng'ombe haipangiki kwa mstari.

Sisemi kwamba serikali ilikuwa na nyuso mbili. Nadhani wakubwa wale waliamini yote mawili kwa moyo mmoja: kwamba jadi ni hazina, na kwamba mwananchi anastahili shule, zahanati, maji ya bomba na nyumba bora, na hayo hayamfikii mtu aliyejificha porini peke yake. Nani atambishia? Mimi nilisoma katika shule iliyojengwa na siasa hiyo, na mshahara wangu wa ualimu ulitoka humo humo. Lakini yako mambo ambayo mtu huyaona akiwa ameketi kivulini miaka hamsini baadaye. Nyumba za kijijini zilikuwa zimeshatazamwa na mkubwa mara moja kabla ya hapo. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, na karani akapita akihesabu mapaa. Kizazi cha babu zetu kilijifunza kwamba mgeni akiikazia macho nyumba yako, kuna jambo. Halafu ikaja zamu ya kuhesabiwa ili uhamishwe. Kati ya hayo mawili, makumbusho ndiyo mtazamo wa kwanza wa serikali uliokuja bila kudai chochote kwa mwenye nyumba. Na hapo ndipo mwenye nyumba akawa hayumo.

Kwetu Kigamboni hatuwezi kuisoma habari hii kama ya watu wengine. Chuo cha Kivukoni, alikofundwa kada baada ya kada wa TANU, kilifunguliwa mwaka 1961 upande wetu huu wa maji, na leo ndicho Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Na ukienda kusini kidogo ukifuata pwani, unafika Gezaulole, ambayo mapema miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza vya ujamaa katika eneo la Dar es Salaam. Jina ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Watu waliokosa kazi mjini walipelekwa huko kulima. Jirani yake kabisa ni Mbwamaji, mji wa kale wa Waswahili wenye makaburi ya mawe ya watu waliofanya biashara na bahari kabla Sultani Majid hajaota habari za kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Ukitembea hapo kwa nusu saa umepita kaburi la mawe, kijiji cha ujamaa, na leo hii hoteli za ufukweni ambazo mapaa yake, tazama kinyume cha mambo, ni ya makuti. Mtalii hulala chini ya makuti kwa dola, na mwananchi ng'ambo ya barabara anayaezua ili aweke bati.

Narudi kwenye neno la mdogo wangu. Je, nyumba inaweza kupelekwa makumbusho? Ulaya waliipeleka. Mwaka 1891 Msweden mmoja, Artur Hazelius, alifungua mahali paitwapo Skansen juu ya kilima huko Stockholm, na ndipo wengi waliofuata duniani walipoigia mfano. Hazelius aliona viwanda vinameza mashamba ya kwao, akazinunua nyumba za wakulima toka kila pembe ya nchi. Nyumba zile zilikuwa za magogo. Mafundi walizifungua gogo kwa gogo, wakayatia alama, wakayapakia, wakayasimamisha tena Stockholm. Ni nyumba zile zile hasa, na wapo wanaoweza kuonyesha sehemu aliyoketi bibi kizee fulani. Huko kwao kuihifadhi nyumba ni kukihifadhi kitu.

Sisi je? Jaribu kuifungua nyumba ya baba yangu. Ukuta wake ni udongo uliokandikwa juu ya fito. Ukiugusa unarudi kuwa udongo. Makuti ya paa lake hayana umri wa nyumba, maana tumeyabadilisha mara nyingi, kila miaka mitano hivi. Nguzo mbili za uani zililiwa na mchwa nikiwa kijana, na nyingine tulizibadilisha baada ya baba kufariki. Ukitafuta kitu ndani ya nyumba ile ambacho baba alikishika kwa mkono wake siku ya kujenga, labda utapata nguzo chache za mchu na mlango. Hata hivyo hakuna mtu Kibada atakayesema si nyumba ya baba. Ndivyo zilivyo nyumba zote za Kijiji cha Makumbusho: hazikubebwa toka Bukoba wala Dodoma, zilijengwa papo hapo kwa ufundi wa kule, na kila baada ya muda inabidi zijengwe tena, au ziezekwe tena, au zikandikwe tena. Wajapani wana hekalu lao kubwa huko Ise ambalo hulijenga upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha pembeni, kwa vipimo vile vile. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Wao husema hekalu ni la kale sana, na mbao zake ni mpya. Wanaona vijana wa miaka 20 lazima wafanye kazi na wazee wa miaka 60 angalau mara moja, vinginevyo hakutakuwa na hekalu.

Kwa hiyo katika nyumba za udongo na nyasi kinachohifadhika ni mikono. Na mikono haikai nyuma ya kibao. Ndiyo maana nilifurahi kusikia toka kwa kijana mwongozaji habari za siku za utamaduni, ambazo zimekuwa zikifanyika pale tangu katikati ya miaka ya 1990: watu wa kabila moja huja na ngoma zao, vyakula vyao na mafundi wao, na kwa siku kadhaa mahali pale panakuwa na wenyewe. Nilimwuliza, "Mwanangu, moto huwashwa?" Akacheka, "Mzee, siku hizo tunapikiwa mpaka tunashiba." Kwangu mimi siku hizo chache ndizo makumbusho yenyewe, na miezi iliyobaki ni ghala la kuzisubiri.

Tulipofika kwenye nyumba ya Wazaramo nilimwambia mjukuu wangu, hii sasa ni ya kwetu, akaitazama bila mshangao wowote. "Hii si kama ya babu wa Kibada?" akasema, na akataka tuendelee mbele. Nilimzuia. Nilimwonyesha juu. Huo mti wa juu kabisa unaobeba mgongo wa paa ni mwamba. Hiyo miti inayoshuka toka mwamba ni makombamoyo. Zile nyembamba zinazokatiza ni pau. Na ule mti unaolala juu ya ukuta, ambao makombamoyo huukalia, unaitwa mtambaapanya, kwa kuwa hiyo ndiyo barabara kuu ya panya usiku. Hapo alicheka, na jina hilo amelishika. Nikaendelea na makuti: kwamba ya kuezekea ni ya viungo, yanashonwa jani kwa jani juu ya kijiti kiitwacho upondoo, na ya kumba ni ya kusuka, kwa uzio. Na nguzo: mchu na msinzi toka mikokoni, miti ile ile ambayo majahazi yaliibeba kwa karne nyingi toka delta ya Rufiji hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako hawana miti. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani nzima vilikuwa vyembamba, meta mbili na nusu au tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Mji mzima ulikatwa kwa kipimo cha mti wa matopeni.

Nilipokuwa nikiyasema hayo niligundua kwamba maneno ninayo, lakini kazi sina. Mimi najua jina la kombamoyo. Siwezi kulifunga likakaa. Baba alijua, na alijenga ile nyumba kwa ujima. Walikuja wanaume wa mtaa kusimamisha miti, wanawake wakachota maji na kukanyaga udongo, sisi watoto tukatupa mabonge ya udongo ukutani tukijipaka zaidi ya tulivyoukandika ukuta. Mama alipika wali na samaki, hakuna aliyelipwa, na baba alibaki na deni la kwenda kwa kila mmoja wao siku yake ya kujenga. Alilipa deni lile kwa miaka. Nyumba ya tofali hujengwa kwa fundi na bei. Inadumu, haivuji, haihitaji mtu yeyote baada ya siku ya kukabidhiwa, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nalala katika nyumba ya tofali. Ninachokiona tu ni kwamba watu wa mtaa wangu wa sasa nawafahamu kwa magari yao.

Tuliporudi nyumbani nilikwenda kumtafuta mzee mmoja wa Kizaramo ninayemjua, aliyekuwa fundi wa paa sifa yake ikivuka hadi Mbutu. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka akichonga upondoo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Umekuja kwa heri?" Nikamweleza habari za paa la Kibada. Alinisikiliza, akaniuliza nguzo zimesimamaje, kisha akasema hapandi tena juu, magoti yamekataa, lakini anaweza kukaa chini kwenye kiti na kuelekeza, nikimpata kijana mwenye masikio. Makuti ya viungo yanapatikana Mkuranga, ya hapa karibu minazi imekwisha. Nguzo za mikoko zisahau, haikatwi ovyo siku hizi na ni haki isikatwe. Ataangalia mti mwingine mgumu. Hakutaja bei. Alisema tutaongea bei kijana akipatikana.

Kikao cha pili cha familia kilikuwa kirefu. Dada yangu anayetufuata mimi na wadogo zangu alikuwa upande wangu, ingawa sababu zake ni nyingine: yeye anataka mahali pa kufanyia shughuli, maana katika nyumba za tofali hakuna ukumbi wala baraza ya kuwaketisha watu wa msiba. Wadogo zangu walikubali nusu. Kiwanja kikatwe vipande viwili, cha nyuma kiuzwe, cha mbele chenye nyumba kibaki kwa miaka mitano, na gharama ya kuezeka iwe juu yangu. Nilikubali papo hapo kabla hawajabadili mawazo. Mdogo wangu mwenye ulimi akauliza kama na yeye atalipa kiingilio akija kusalimia.

Kijana mwenye masikio tumempata. Ni mwanawe huyo huyo mdogo wangu, aliyemaliza kidato cha nne na bado hajapata kazi. Nimeagiza makuti mia nane, tunataka kumaliza kabla ya masika. Juzi nilipokwenda kuangalia, mzee alikuwa kwenye kiti chake chini ya mwembe akimkemea kijana aliyekuwa juu amekalia mtambaapanya, na uani dada yangu alikuwa ameshawasha moto.